Faili Limehama, Ujenzi Umegoma: Deni la Wanaofungasha Maktaba za Programu

Ubuntu 24.04 ilipotoka Aprili 2024, skripti nyingi za kusakinisha programu ziligoma kwenye mstari mmoja, unaoiomba apt, zana ya vifurushi, isakinishe maktaba ya sauti: apt install libasound2. Mstari huo ulikuwa umefanya kazi kwa miaka, ukinakiliwa kutoka Dockerfile moja (faili la maelekezo ya kujenga kontena, yaani mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu) hadi nyingine, hasa na wale wanaoendesha vivinjari ndani ya kontena kwa ajili ya majaribio. Safari hii apt ikajibu kwamba libasound2 ni jina tupu lisilo na kifurushi chake, kwamba vifurushi viwili tofauti vinadai kulitimiza, basi mtumiaji achague mwenyewe. Skripti haina wa kuichagulia, kwa hiyo kazi yote ikaishia hapo.

Kilichosababisha hayo kilikuwa kazi ya lazima. Debian na Ubuntu, mbili kati ya distro (mifumo kamili iliyojengwa juu ya Linux), walikuwa wanaupanua muda wa mfumo, ule unaoitwa time_t, kutoka biti 32 hadi 64 kwenye vichakataji vya biti 32, hasa vile vya ARM. Sekunde zinazohesabiwa tangu mwaka 1970 zitajaza nafasi ya biti 32 tarehe 19 Januari 2038, na baada ya hapo saa itarudi nyuma. Maktaba yoyote inayopokea au kurudisha time_t hubadilika umbo muda huo unapopanuliwa, na programu iliyojengwa kwa umbo la zamani haiwezi kuitumia salama. Ili ya zamani na mpya zisichanganyike, vifurushi vikapewa kiambishi t64: libssl3 ikawa libssl3t64, libasound2 ikawa libasound2t64.

Kichekesho ni kwamba kwenye kompyuta za kawaida za biti 64 hakuna kilichobadilika ndani. Muda ulikuwa biti 64 tangu awali. Ukifungua libasound2t64 utakuta libasound.so.2 ileile, yenye jina lilelile. Jina la kifurushi lilibadilishwa kila mahali kwa pamoja kwa sababu kutunza majina mawili kwa maktaba moja kungewatesa watunza vifurushi kwa miaka. Aliyeandika apt install libssl3 hakuumia: apt ilimwambia inachukua libssl3t64 badala yake, ikaendelea. Libasound2 ilikwama kwa sababu kulikuwa na mdai mwingine wa jina hilo, liboss4-salsa-asound2, kifurushi ambacho wengi wa waliokwama hawakuwahi kukisikia. Na wengi walijitibu kwa kuandika libasound2t64 ndani ya skripti zao, wakati kiambishi hicho kimekusudiwa kutoweka siku maktaba itakapopata namba mpya ya ABI, yaani umbo ambalo programu iliyokwisha kujengwa hulitegemea. Hapo skripti hiyohiyo itagoma tena.

Ninaanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo watu wa vifurushi hulikiri kwa shingo upande. Tumezoea kudhani maktaba huvunja programu nyingine pale msimbo wake unapobadilika: kazi (function) fulani imefutwa, kigezo kimeongezwa. Lakini sehemu kubwa ya ujenzi unaokufa hufa bila mstari mmoja wa msimbo wa maktaba kuguswa. Faili limehamishwa folda, kifurushi kimegawanywa viwili, jina limeongezwa herufi tatu, faili dogo lililoonekana halina kazi limefutwa. Kwa aliyefanya hivyo, huo ni usafi wa nyumba. Kwa anayejenga programu juu ya maktaba hiyo, mkataba umevunjwa.

Maktaba ya pamoja kwenye Linux ina nyuso mbili. Uso wa kwanza ni ule unaotazamwa na programu iliyokwisha kujengwa. Kila maktaba hubeba ndani yake jina linaloitwa SONAME, kwa mfano libssl.so.3, na programu inapoanza huitafuta maktaba kwa jina hilo. ABI ikibadilika kwa namna isiyolingana na ya zamani, namba huongezwa. Debian huitia namba hiyo kwenye jina la kifurushi chenyewe, ndiyo maana libssl1.1 na libssl3 zinaweza kukaa kwenye mashine moja bila kugombana. Upande huu una nidhamu ya kupigiwa mfano. Kuna orodha za alama (majina ya kazi zilizo ndani ya maktaba), kuna programu za kulinganisha ABI ya toleo la jana na la leo, kuna sera iliyoandikwa.

Uso wa pili hutazamwa na kompaila (inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) na linka (inayouunganisha na maktaba) tu, wakati wa kujenga. Humo mna heda, yaani mafaili yanayotangaza yaliyomo kwenye maktaba, mna kiungo kisicho na namba kama libssl.so, mna faili la .pc linalosomwa na pkg-config, zana ya kuuliza maktaba iko wapi, mna mafaili ya CMake, zana ya kuendesha ujenzi. Kwa Debian hivyo vyote hukaa kwenye kifurushi chenye -dev mwishoni, kwa Fedora -devel. Mtu anayeambiwa na linka "cannot find -lz" (haikuiona maktaba z) huenda akaapa kwamba zlib, maktaba ya kubana data, ipo, na kweli ipo: libz.so.1 imekaa pale na nusu ya mfumo unaitumia. Kinachokosekana ni kile kiungo kisicho na namba, kilicho kwenye kifurushi kingine. Uso huu wa pili hauna namba. Hakuna SONAME ya njia za mafaili, wala ya heda zilizokuwa zikiingizwa kimyakimya na heda nyingine. Ukiubadilisha, hakuna chombo kinachokulazimisha kutangaza.

Tazama ncurses, maktaba ya kuchora menyu kwenye terminali. Waandishi wake walitoa uwezekano wa kuigawa: sehemu ya chini inayoijua terminali iwe maktaba ya peke yake, libtinfo, na sehemu ya madirisha ibaki libncurses. Sababu ni nzuri, kwa kuwa shell kama bash inahitaji ile ya chini tu na haina haja ya kubeba menyu na madirisha. Distro kadhaa zikaigawa. Ghafla programu zilizokuwa zikiandika -lncurses pekee zikaanza kulalamikiwa na linka kwamba alama ya keypad haijulikani, na kwamba iko ndani ya libtinfo.so.5 ambayo haikutajwa kwenye amri. Hata menuconfig ya kerneli ya Linux, ile menyu ya bluu ya kuchagulia vipengele, ilikumbwa.

Kumbuka neno "haikutajwa". Linka ilikuwa inaiona libtinfo, kwa sababu libncurses yenyewe inaitegemea. Zamani ingeivuta bila kuuliza. Lakini Fedora 13 mwaka 2010, kisha binutils 2.22, inayobeba linka yenyewe, mwaka 2011, walibadili tabia hiyo: ukitumia alama kutoka maktaba fulani, itaje maktaba hiyo mwenyewe, usipitie mgongo wa nyingine. Mabadiliko mawili, kila moja lenye hoja yake, yalikutana kwenye amri moja ya mtu ambaye hakushiriki katika lolote kati yake.

Na dawa ilikuwa ndogo kiasi cha kushangaza. Kwenye Debian ya leo, fungua libncurses.so kama unavyofungua maandishi ya kawaida. Utadhani ni kiungo cha maktaba, kumbe ni faili la maandishi lenye mstari mmoja:

INPUT(libncurses.so.6 -ltinfo)

Linka ikisoma mstari huo huchukua maktaba zote mbili, na aliyeandika -lncurses miaka ishirini iliyopita hajui kama kuna kitu kiligawanywa. Herufi thelathini tu. Distro iliyouweka mstari huo iliwaokoa watumiaji wake saa zisizohesabika za kutafuta, na isiyouweka iliwaachia kila mmoja wao aivumbue dawa upya.

Kugawa vifurushi kuna mtego mwingine ambao umeongezeka kadiri CMake ilivyoenea. Maktaba inayotumia CMake huweka kwenye mfumo faili linaloorodhesha kila kitu ilichokizalisha: maktaba za pamoja, maktaba tuli (zinazonakiliwa ndani ya programu), na hata programu zake ndogo. Faili hilo likisomwa, hukagua kama kila kilichoorodheshwa kipo kweli kwenye diski. Waandishi wa maktaba waliziweka zote pamoja, kwa hiyo kwao ukaguzi hupita. Mtunza kifurushi akija akaweka maktaba tuli kwenye kifurushi chake na programu ndogo kwenye kingine, ukaguzi unashindwa. Waliojenga juu ya protobuf, maktaba ya kupanga data, wanaujua ujumbe wake: shabaha (jina la kitu kilichoorodheshwa) protobuf::protoc inaelekeza kwenye /usr/bin/protoc, lakini faili hilo halipo. Mradi wenyewe haukuhitaji protoc hata kidogo, ulitaka maktaba tu. gRPC, maktaba ya mawasiliano kati ya programu, ina kisa kama hicho kwenye gRPC::grpc_cpp_plugin, na LLVM, mkusanyiko wa maktaba za kuundia kompaila uliokatwa vifurushi vingi, imewachosha wengi kwa njia hiyohiyo.

Hapo wa kulaumiwa ni nani? Mwandishi wa maktaba atasema faili lake ni sahihi. Mtunza kifurushi atasema kugawa ni haki yake na ni sera. CMake atasema alitumwa kukagua, amekagua. Wote wanasema kweli, na ujenzi umelala palepale.

Lakini ujenzi unaogoma ni afadhali kuliko ule unaokubali. Mwaka 2011 Ubuntu 11.04 ilianza kuhamisha maktaba kutoka /usr/lib kwenda folda zenye jina la usanifu wa mashine, kama /usr/lib/x86_64-linux-gnu, na Debian ikakamilisha safari hiyo kwa Debian 7 ya Mei 2013. Lengo lilikuwa maktaba za biti 32 na 64 ziishi pamoja bila hila, na ni kazi ninayoiheshimu. Waliokuwa wakijenga wenyewe GCC, ambayo ni kompaila, waliambiwa crti.o, faili linalohitajika kuunganisha programu, haionekani, wakakasirika, wakatafuta, wakapata. Wa Python walipata mabaya zaidi. PIL, maktaba ya picha, wakati wa kujengwa ilitazama /usr/lib ikitafuta libjpeg na zlib. Isipoziona haikusimama. Iliandika kwenye muhtasari wake kwamba uwezo wa JPEG haupo, ikamaliza kwa furaha, ikajisakinisha. Nani husoma muhtasari wa kitu kilichofanikiwa? Kosa lilijitokeza baadaye, programu ikiwa tayari inatumika, mtu wa kwanza alipopakia picha: decoder jpeg haipatikani. Mitandaoni ushauri ukawa ni kutengeneza kiungo kwa mkono kutoka folda mpya kurudi /usr/lib. Watu waliutii, na viungo hivyo viliachwa kwenye seva nyingi bila mtu kukumbuka viliwekwa kwa nini.

Kisa hicho kinamgusa pia mwandishi wa programu tegemezi. Kipengele kinachojizima chenyewe kinapokosa maktaba yake ni ukarimu wa uongo. Kama programu yako inahitaji JPEG, ujenzi usimame na useme hivyo. Asiyeitaka azime kwa hiari yake, kwa amri iliyoandikwa.

Sasa nieleze nilipo, kwa maana mada hii haivumilii sana kukaa katikati. Kuna hoja ya zamani, yenye nguvu, kwamba aliyevunjikiwa amejitakia. Aliandika njia ya faili kwa mkono badala ya kuiuliza pkg-config. Alitumia alama za maktaba ambayo hakuitaja. Aliingiza heda moja akitegemea kwamba itamletea nyingine tano. Libxml2, maktaba ya kusoma XML, toleo la 2.12 la Novemba 2023, iliposafisha heda zake ili kila moja ilete kilicho chake tu, miradi mingi ilianguka, na kwa kila mradi kosa lilikuwa kweli la mradi: haukuingiza heda uliyoitumia. GCC 13 ilifanya vivyo hivyo kwa wale waliokuwa wakipata heda ya cstdint bila kuiomba. Kitabuni, hukumu iko wazi.

Mimi siikubali hukumu hiyo kama neno la mwisho, kwa sababu moja: anayehamisha ana taarifa, anayehamishiwa hana. Mtunza kifurushi cha libxml2 kwenye Debian anaweza kuuliza mfumo ni vifurushi vipi vinavyojengwa juu yake na akapata orodha kamili. Ana mashine za kujaribu kuvijenga vyote upya kabla hajapakia chochote. Ana sehemu ya majaribio iitwayo experimental ya kuweka toleo jipya huku akihesabu walioanguka. Fedora wana njia yao ya pembeni ambamo maktaba mpya na vifurushi vinavyoitegemea hujengwa pamoja, kisha vyote huingia siku moja. Mwandishi wa mradi tegemezi hupata habari kwa njia moja tu: ujenzi wake umegoma, na ujumbe anaousoma mara nyingi hautaji chanzo. Gharama ya kugundua iwe kwa yule inayemgharimu kidogo.

Hili halina maana kwamba kila kilichowahi kuwepo kibaki milele. Mafaili ya .la ya libtool, zana ya kujengea maktaba, ni mfano wa kitu kilichostahili kufa. Kila faili la .la lilitaja njia kamili za .la za maktaba nyingine, zikashikana mnyororo. Distro ya Gentoo ilipohamia libpng 1.4, maktaba ya picha za PNG, kila faili la .la lililokuwa likiitaja libpng12.la lilielekeza pasipo na kitu, na ujenzi wa programu zisizohusiana na picha hata kidogo ukaanza kuanguka mmoja baada ya mwingine. Ilibidi zitolewe skripti za kupita kwenye mfumo mzima zikiyarekebisha. Kuyaondoa mafaili hayo ilikuwa sahihi. Debian walilifanya hilo kwa utaratibu mzuri: kwanza walifuta ndani yake ule mstari wa vitegemezi, faili likabaki lakini halimvuti mwingine, kisha likaondolewa pale ambapo hakuna tena aliyeliangalia.

Utaratibu wa namna hiyo hauhitaji fedha wala jeshi la watu. Glibc, maktaba ya msingi ya lugha ya C kwenye Linux, kwa toleo la 2.34 la Agosti 2021 ilifanya jambo ambalo kwa karatasi lingeangusha dunia: ilizimeza libpthread, libdl, libutil na libanl ndani ya libc yenyewe. Fikiria ni skripti ngapi duniani zina -lpthread au -ldl. Hata hivyo karibu hakuna aliyestuka. Kwa programu zilizokwisha kujengwa waliacha libpthread.so.0 kama ganda. Kwa wanaojenga upya waliacha libpthread.a iliyo tupu kabisa, isiyo na msimbo, kazi yake ikiwa ni kuwepo tu ili linka ikiitafuta iipate. Faili tupu! Nyuso zote mbili za maktaba zilifikiriwa, na ndiyo tofauti yote.

Linganisha na OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche inayotoa libssl, kwenye Debian 9 ya mwaka 2017. Toleo la 1.1 lilikuwa limefunika miundo yake ya ndani, miradi mingi haikuwa tayari, basi Debian ikabeba matoleo yote mawili. Wakati wa kutumika yaliishi pamoja bila neno. Wakati wa kujenga, libssl-dev na libssl1.0-dev zilikataana: ukisakinisha moja, nyingine inaondoka. Mradi wenye vitegemezi viwili, kimoja kikitaka hiki na kingine kile, haukuwa na pa kushika. Sidhani kulikuwa na njia nyepesi, maana heda zote mbili zinataka folda ileile. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha wazi kwamba kutatua uso wa kwanza hakutatui wa pili.

Shida ngumu zaidi iko nje ya hifadhi ya distro. Orodha niliyoisifu hapo juu huhesabu vifurushi vya distro yenyewe tu. Haioni mradi wa ndani wa kampuni, Dockerfile ya mwanafunzi, wala skripti ya kusakinisha iliyowekwa kwenye ukurasa wa mradi mwaka 2015. Hao ndio wengi kati ya waliokwama na libasound2. Wengi wao hujikinga kwa kufunga toleo: kontena ianze na Ubuntu 20.04 na ibaki hapo. Ni kinga halali kwa wiki kadhaa. Ikikaa miaka, siku ya kuhama inakuja na kila kitu kwa pamoja, kwa sababu Ubuntu 22.04 haina libssl1.1 kabisa, na marekebisho ambayo yangekuja moja moja yanakusubiri yote mlangoni.

Kwa hao walio nje, kinachosaidia ni jina la zamani kuendelea kufanya kazi kwa angalau toleo moja zima la distro, kama gdk-pixbuf, maktaba ya picha, ilivyofanyiwa kwenye Debian: libgdk-pixbuf2.0-dev iligawanywa, lakini jina la zamani likabaki kama kifurushi cha mpito kinachovuta vipya. Na hapo ndipo zana zetu zinapopwaya. Glibc ilipotaka kuondoa kazi za major, minor na makedev kutoka heda ya sys/types.h, ilianza na toleo la 2.25 mwaka 2017 kwa kuifanya kompaila itoe onyo kila zinapotumika kupitia heda hiyo, likitaja heda ya kuhamia. Zikaondoka kwenye 2.28, mwaka uliofuata. Onyo lilimkuta mtu kwenye terminali yake, alipokuwa akijenga, akiwa bado na muda. CMake nayo tangu 3.17 ina sifa ya DEPRECATION, inayomwezesha mwenye maktaba kuandika onyo kwenye shabaha ya zamani ili kila anayeitumia alione. Faili la .pc halina sehemu rasmi ya kusema neno kama hilo. Kiungo cha .so hakiwezi kusema lolote. Kifurushi cha mpito hujieleza kwenye maelezo yake, ambayo skripti haiyasomi. Ningeanzia kwenye pkg-config: mstari mmoja kwenye faili la .pc, unaochapishwa kwenye skrini kila jina hilo linapoulizwa, wenye jina jipya na toleo ambalo la zamani litaondoka.